Kilemba katika Stempu: Heshima ya Kichwa na Jina la Mtu

Siku moja baada ya masomo, hapa Nizi, wanafunzi wachache walitujia wamebeba daftari kuukuu. Ndani yake mlikuwa na stempu za nchi nyingi, zilizobanduliwa kwa maji kutoka katika bahasha za barua, kisha zikabandikwa safu kwa safu. Daftari hilo lilikuwa mali ya mzee mmoja aliyekwisha kufariki, na wajukuu wake hawakujua walifanyie nini. Tukalifungua pamoja nao, ukurasa baada ya ukurasa. Mvulana mmoja akaweka kidole juu ya stempu ndogo ya Unguja, yenye sura ya mtu mzima mwenye ndevu na nguo iliyozungushwa kichwani. Akacheka, akasema: "Mwalimu, mbona baba huyu amejifunga kitambaa kama mama anayekwenda sokoni?"

Wenzake nao wakacheka. Sisi hatukuwakemea, maana swali la mtoto si kosa. Tuliwaambia waketi, tukaanza kuwajibu. Lakini jibu lilikuwa refu kuliko tulivyodhani, likatuchukua siku kadhaa. Leo twapenda kuwashirikisha wasomaji wetu, wazazi na vijana, yale tuliyoyasema na yale tuliyojifunza wenyewe katika kuyasema.

Jina moja, mambo mengi

Yule mvulana hakukosa kabisa. Kwetu Ituri, neno kilemba latukumbusha kwanza akina mama. Siku ya Dominika mama huchagua kitenge chake kizuri, akakikunja, akakizungusha kichwani, akakaza fundo mbele au nyuma, ndipo aende Misa. Hakuna anayemfundisha kwa kitabu. Aliona kwa mama yake, na binti yake ataona kwake.

Lakini pwani ya Afrika ya Mashariki, ilikozaliwa lugha hii tunayoandika, kilemba ni pia vazi la mwanaume mwenye cheo: shehe, kadhi, liwali, sultani, au bwana arusi siku ya ndoa yake. Huko neno hilo lilikua hata likavuka mipaka ya kitambaa. Zamani kijana aliyemaliza kujifunza kazi kwa fundi alimpa fundi wake zawadi ya shukrani, na zawadi hiyo iliitwa kilemba, hata kama haikuwa nguo. Vilevile katika mambo ya posa, sehemu ya mali aliyopewa baba wa bibi arusi iliitwa kilemba. Maana yake yaeleweka upesi: mtu aliyekutendea mema, umfunike kichwa kwa heshima.

Tena wahenga hawakusahau upande wa pili. Wao husema juu ya mtu anayesifiwa kwa uongo kwamba amevikwa kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani mabichi ya kondeni. Ukimsokotea mtu kilemba cha majani hayo, asubuhi ataonekana bwana mkubwa. Jua likipanda, majani hunyauka na kichwa hubaki wazi. Twaomba wasomaji waliweke neno hilo akilini, maana tutalirudia.

Vilemba vya Bara Hindi

Kama twataka kuona jinsi kilemba kinavyoweza kusema bila mdomo, yafaa tutazame Bara Hindi. Huko, hasa katika jimbo la Rajasthan, watu hupenda kusema kwamba namna ya kufunga kilemba hubadilika kila baada ya mwendo wa maili chache. Mzee aliyezoea aweza kumtazama mgeni kwa mbali, akajua anatoka upande gani, ni mchungaji au mfanya biashara, yumo katika furaha au katika matanga. Rangi ya manjano iliyoiva na nyekundu ni za arusi na sikukuu. Nyeupe na rangi zilizofifia huvaliwa na waliofiwa.

Kitambaa chenyewe si kidogo. Pagri, kama kinavyoitwa, chaweza kufika urefu wa mita 20, na upana wake ni kama shubiri moja tu. Kile kiitwacho safa ni kifupi zaidi, kama mita 9, lakini upana wake wafika mita 1. Msafiri wa jangwani hakukihesabu kuwa pambo tu: kilimkinga na jua, kilikuwa mto wa kulalia usiku, na kwenye kisima kirefu kiliweza kuwa kamba ya kuteka maji.

Kusini, katika Mysore, wafalme walivaa kilemba kiitwacho peta, cha hariri na nyuzi za dhahabu, na hata leo mgeni wa heshima huko huvikwa kilemba cha namna hiyo mbele ya watu. Katika mji wa Pune kuna kilemba kinachoshonwa tayari, ambacho mwaka 2009 kilipewa ulinzi wa sheria, ili jina lake lisitumiwe kwa bidhaa za mahali pengine. Katika Punjab, Masingasinga huvaa kilemba kwa sababu ya dini yao. Tangu mwaka 1699, kiongozi wao Guru Gobind Singh alipounda jumuiya ya Khalsa, wanajumuiya hao hawakati nywele, na kilemba huzifunika.

Jambo lililowagusa sana wanafunzi wetu ni hili. Katika sehemu nyingi za kaskazini ya India, baba akifariki, jamaa hukusanyika baada ya siku za matanga, na mbele yao wote mwana mkubwa hufungwa kilemba. Kuanzia saa ile yeye ndiye mwenye kuwatunza mama na wadogo zake. Na marafiki wawili wakitaka kuwa ndugu, hubadilishana vilemba. Basi kitambaa ni kimoja, lakini chabeba uzito wa nyumba nzima.

Ndiyo sababu mwaka 2017 Posta ya India ilitoa stempu 16 zenye kuonyesha vifuniko vya kichwa vya majimbo mbalimbali ya nchi hiyo. Stempu ni karatasi isiyozidi ukucha wa kidole gumba kwa wingi, lakini husafiri mbali kuliko kitabu. Nchi ikichagua kitu cha kuweka katika stempu, yauambia ulimwengu: "Hiki ndicho twataka mtujue nacho."

Jinsi vilifika kwetu

Wahindi hao hawakubaki kwao. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, wakaleta kutoka Bara Hindi wafanya kazi zaidi ya 30,000, wengi wao watu wa Punjab. Baadhi walibaki, wakawa mafundi wa chuma, wa mbao na wa magari, na watu wa Kenya wakawaita Makalasinga.

Hata Kongo yetu imo katika habari hii. Miaka ya mwanzo ya uhuru, India ilituma askari katika jeshi la Umoja wa Mataifa lililokuja nchini mwetu. Mwaka 1962 barua zao zilibandikwa stempu za India zilizopigwa juu yake maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Jeshi la Umoja wa Mataifa, India, Kongo". Wakusanyaji wa stempu bado huzitafuta. Na katika miaka ya 2000, ndugu zetu wa Goma waliwaona tena askari wa India. Singasinga aliye katika jeshi la Umoja wa Mataifa huruhusiwa kuvaa kilemba cha buluu mahali pa kofia.

Lakini yule mtu wa stempu ya Unguja hakuwa Mhindi. Alikuwa Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala Unguja tangu 1911 hadi 1960, wa ukoo wa Al Busaidi uliotoka Omani. Ukoo huo una namna yake ya kitambaa na ya kukifunga, na huko Omani hutambulikana kwayo hata leo.

Stempu za Unguja

Historia ya stempu za Unguja ni fupi, tena yafundisha mengi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 posta ya Unguja iliendeshwa na serikali ya Bara Hindi, nayo ilitumia stempu za Hindi zenye kichwa cha Malkia Viktoria wa Uingereza. Mwaka 1895 posta hiyo ilitoka mikononi mwa Wahindi, na kwa muda jina "Zanzibar" likapigwa tu juu ya stempu za wengine. Ndipo mwaka 1896 Unguja ikapata stempu zake zenye sura ya mtawala wake, Sultani Hamad bin Thuwaini, na kilemba chake kichwani. Sultani huyo alifariki mwezi wa Agosti mwaka uleule. Sura yake ikaendelea kubeba barua za watu wakati yeye mwenyewe amekwisha kuzikwa. Baada yake wakaja katika stempu Hamoud bin Mohammed, Ali bin Hamud, Khalifa bin Harub na Abdulla bin Khalifa.

Tarehe 10 Desemba 1963 Unguja ilipata uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi, na Sultani akakimbia. Serikali mpya haikuwa na stempu zake bado. Basi wakachukua zile zilizokuwapo posta, wakapiga juu yake kwa wino mweusi: "Jamhuri 1964". Mtu aliyenunua stempu wiki zile aliona sura ya Sultani, na juu yake neno lililomwondoa katika kiti. Daftari la yule mzee lilikuwa na moja ya namna hiyo. Tuliwaonyesha wanafunzi, wakanyamaza. Walielewa bila maelezo mengi kwamba kuwekwa katika stempu si kuwekwa milele.

Vichwa vilivyokatazwa kilemba

Hapo msichana mmoja, ambaye tangu mwanzo hakuwa amecheka, akauliza: "Je, kila mtu wa Unguja aliruhusiwa kuvaa kilemba?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Jibu ni hapana. Pwani, wakati wa utumwa, mavazi yalikuwa kama ukuta. Mtumwa mwanaume hakuwa na ruhusa ya kufunika kichwa wala kuvaa viatu kama muungwana. Mtumwa mwanamke alijifunga kaniki, kitambaa cha rangi nyeusi-buluu cha bei ndogo, na hakuruhusiwa kujifunika mtandio kama bibi yake. Kabla hajasema neno, kichwa chake kilichokuwa wazi kilikwisha kumtangaza kwamba yeye ni mali ya mtu.

Wala jambo hilo si la mbali nasi. Misafara ya watu wa pwani na ya Wamanyema waliokuwa chini yao ilifika hata katika misitu yetu, ikitafuta pembe za ndovu na watu. Stanley alipopita katika msitu wa Ituri mwaka 1887 alikuta kambi zao, na vijiji vilivyochomwa. Mkubwa wao aliyejulikana kuliko wote, Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alikuwa mtu wa Unguja, naye alifariki huko mwaka 1905. Kwa njia ileile ya misafara ndiyo lugha ya Kiswahili ilianza kuingia mashariki ya Kongo. Twasema hivyo bila chuki. Lugha tumeipokea, tumeifanya yetu, twasali nayo na kuwafundisha watoto nayo. Lakini si haki kusahau ilifika pamoja na nini. Waliochukuliwa kutoka bara, wakafika pwani wakiwa hai, walifika vichwa wazi.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mnamo Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, yuleyule ambaye sura yake iliwekwa katika stempu miaka miwili baadaye, alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Amri hiyo haikuwa kamili: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mbele ya mahakama kuomba uhuru wake, mabwana walilipwa fidia, na masuria hawakuhesabiwa mpaka mwaka 1909. Lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Na waliopita katika mlango ule walifanya nini? Waliojifunza habari za Unguja wameeleza jambo la kustaajabisha. Walibadili nguo. Wanaume walivaa kanzu ndefu na kofia. Wanawake waliacha kaniki, wakanunua kanga za maua na rangi, moja wakajifunga na moja wakajitanda kichwani. Watu wasiojua wangeweza kusema: "Hawa maskini wapenda anasa." La, haikuwa anasa. Mtu aliyekatazwa kufunika kichwa kwa miaka yote ya maisha yake, siku anapokifunika kwa mkono wake mwenyewe, asema kwa sauti kuu: "Mimi si mali ya mtu."

Hakuna stempu hata moja ya wakati ule iliyochorwa sura ya mama huyo na kanga yake ya kwanza. Stempu zilimchukua Sultani. Ndiyo kazi ya stempu za watawala, wala hatuzilaumu. Lakini anayesoma historia kwa stempu peke yake atajua vilemba vya wakubwa tu.

Picha zisizo na majina

Tusiwatazame watu wa pwani peke yao. Hapa Kongo pia posta ilisambaza sura za watu. Katika miaka ya 1920, stempu za Kongo ya Wabelgiji zilionyesha wanawake wa nchi yetu, na vitabu vya wakusanyaji huwataja hivi: mwanamke wa Ubangi, mwanamke wa Baluba, mwanamke wa Babuende. Mfalme wa Wabelgiji akiwekwa katika stempu hutajwa jina lake. Mama wa Kibaluba hutajwa kabila lake, basi.

Katika miaka hiyo na iliyofuata, mpiga picha mmoja kutoka Poland, Casimir Zagourski, aliyekuwa na duka lake Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, alipiga picha nyingi za watu wa Kongo na nchi jirani, akazifanya kadi za posta. Mfululizo wake aliuita kwa Kifaransa jina lenye maana ya "Afrika inayotoweka". Kati ya picha zilizopendwa sana Ulaya ni zile za wanawake wa Mangbetu, majirani zetu wa Uele. Kweli ni za kupendeza: nywele zimeinuliwa nyuma ya kichwa kirefu na kusukwa pana juu kama taji. Wanaume wao nao walivaa kofia za ukindu zilizopambwa manyoya na kushikwa kwa vijiti vya pembe. Kichwa kirefu kilikuwa alama ya uzuri na ukoo bora. Walikifunga kitoto kwa kamba laini tangu utotoni. Desturi hiyo imekwisha.

Kadi hizo zilisafiri Paris na Brussels, zikauzwa, zikawekwa katika madaftari. Leo wakusanyaji huzilipia fedha nyingi. Lakini ugeuze nyingi kati yake, utafute jina la yule mama aliyekaa mbele ya kamera: hulioni. Hapo ndipo tulipokumbuka kilemba cha ukoka. Kumsifu mtu uzuri wa kichwa chake, ukauza sura yake, usitake kujua jina lake, ndiko kumvika kilemba cha majani. Huonekana ni heshima, lakini jua likipanda hakuna kilichobaki.

Sisi Wakristo twajua thamani ya jina. Siku ya ubatizo padre huwauliza wazazi kwanza: "Mtoto huyu mmempa jina gani?" Hamwulizi mtu kabila lake, wala nguo aliyovaa.

Tufanye nini?

Wasomaji wapendwa, hatukuandika haya ili tuhuzunike. Twataka kuomba jambo moja dogo, ambalo kila nyumba yaweza kulifanya bila fedha.

Katika nyumba nyingi mna picha za zamani: babu aliyesimama mbele ya kiwanda cha dhahabu, bibi siku ya arusi na kilemba chake kipya, mjomba katika kundi la wanafunzi. Katika mkoa wetu tumehama mara nyingi, na mara nyingi kwa hofu. Picha ndizo chache zilizookoka ndani ya sanduku au mfuko. Wanaojua waliomo wanazeeka. Basi, ninyi vijana, chukueni kalamu ya risasi, si ya wino, msije mkaharibu picha. Ketini karibu na bibi, mwulizeni: huyu ni nani, mwaka gani, mahali gani, na kilemba hiki alikifunga kwa nini? Andikeni nyuma ya picha. Nanyi wazazi, msiseme mko na kazi nyingi.

Kuhusu daftari la mzee, tuliwashauri wajukuu wasiliuze. Waliandika katika ukurasa wa kwanza jina la babu yao, kijiji chake, na kazi aliyofanya. Yule mvulana aliyecheka ndiye aliyeshika kalamu, maana ana mwandiko mzuri. Alipomaliza alirudi kwenye stempu ya Unguja, akaitazama tena. Safari hii hakucheka. Aliuliza tu: "Mwalimu, na yule aliyemfulia Sultani kilemba hiki, aliitwa nani?"

Tulimwambia ukweli: hatujui. Naye akaliacha daftari wazi kwa kitambo kidogo, kabla hajalifunga.